Zawadi ya Kuondokea: Nini Kiwemo Katika Kifuko cha Sherehe ya Mtoto Mdogo?

Sherehe za kuadhimisha siku ya kuzaliwa zimeenea sana katika miji yetu. Hufanyika nyumbani, kumbini, ufukweni na hata darasani katika shule za awali. Pamoja na keki, maputo na muziki, umeingia utaratibu wa kumkabidhi kila mtoto mgeni kifuko cha zawadi wakati wa kuondoka. Kwa kawaida ndani yake huwamo vitu vidogo vingi vya plastiki vilivyonunuliwa kwa jumla katika maduka kama yale ya Kariakoo: filimbi, pete, miwani, vigari, mipira ya kudunda, maputo ambayo hayajapulizwa, pamoja na pipi, karanga au ubuyu.

Nia ya mwenye sherehe ni njema. Hakuna mzazi anayependa watoto wa wenzake waondoke kwake mikono mitupu. Makala haya hayakusudii kuwanyima wazazi furaha hiyo. Yanakusudia kueleza kwa nini vitu vilivyozoeleka katika vifuko hivyo ni hatari kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na kuonyesha vitu vingine vinavyoweza kuchukua nafasi yake. Msingi wa maelezo yote ni huu: kifuko hugawiwa ukumbini lakini huchezewa nyumbani. Kwa hiyo anayepaswa kufikiriwa wakati wa kukijaza si mtoto aliyealikwa peke yake, bali mtoto mdogo kuliko wote katika nyumba ambamo kitafunguliwa.

Kifuko humfikia nani?

Tuchukue mfano wa darasa la shule ya awali lenye watoto 25. Kila kifuko kikiwa na vitu 8, mwenye sherehe atakuwa amesambaza vitu 200 katika nyumba 25 kwa alasiri moja. Mtoto aliyealikwa ana miaka minne au mitano, na huenda amekwisha kufundishwa kutotia vitu mdomoni. Lakini nyumbani yupo mdogo wake wa miezi kumi anayetambaa, au binamu wa mwaka mmoja na nusu aliyekuja kutembea na mama yake. Mkubwa huchezea filimbi kwa dakika chache, ikavunjika, akaiacha mkekani. Anayeiokota ni yule mdogo ambaye hakualikwa, na ambaye kila anachokishika hukipima kwa mdomo.

Liko jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalitambui. Wanasesere wengi wa kiwandani wasiowafaa watoto wa chini ya miaka mitatu hubeba onyo kwenye pakiti: maandishi, au alama ya duara jekundu lililokatwa kwa mstari, ndani yake mna uso wa mtoto na tarakimu 0-3. Bidhaa za kugawa huuzwa katika pakiti kubwa yenye vipande vingi, na onyo hubandikwa kwenye pakiti hiyo kubwa. Mwenye sherehe anapoifungua na kuvigawa vipande katika vifuko, onyo hutupwa pamoja na pakiti. Mzazi anayepokea kifuko hana namna ya kujua kwamba mtengenezaji mwenyewe alikwisha kutahadharisha.

Njia ya hewa ya mtoto mdogo

Mtoto mdogo si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Magego yake ya kwanza huota kati ya miezi 13 na 19, na ya pili kati ya miezi 23 na 33. Kabla ya hapo anaweza kung'ata kwa meno ya mbele, lakini hawezi kusaga vizuri. Uratibu wa kumeza na kupumua nao bado haujakomaa. Aidha, hukimbia, hucheka na hulia akiwa na kitu mdomoni, na kila avutapo pumzi kwa nguvu kitu hicho huweza kuvutwa kuelekea kwenye zoloto, mlango wa njia ya hewa. Kikohozi chake, ambacho ndicho kinga ya mwisho, hakina nguvu ya kutosha kukitoa.

Wembamba wa njia hiyo huongeza hatari kwa kiasi ambacho si rahisi kukikisia kwa macho. Ukinzani wa hewa ndani ya bomba jembamba hufuata kipeo cha nne cha nusukipenyo: nusukipenyo kikipungua kwa nusu, ukinzani huongezeka mara 16. Njia ya hewa yenye kipenyo cha milimita 4 ikivimba kwa milimita moja tu kuzunguka ukuta wake, nusukipenyo hushuka kutoka milimita 2 hadi 1. Uvimbe huohuo kwa mtu mzima huweza kuonekana kama mafua mazito; kwa mtoto mchanga ni dharura.

Kitu kikiziba zoloto au trakea kabisa, ubongo huanza kudhurika ndani ya dakika chache kwa kukosa oksijeni. Kikipita na kuingia kifuani, mara nyingi huelekea pafu la kulia, kwa kuwa bomba lake ni pana na limenyooka zaidi kuliko la kushoto. Hapo hutokea jambo linalowadanganya wazazi, na pengine hata wahudumu wa afya: mtoto hukohoa kwa nguvu kwa muda, kisha hutulia. Wazazi hushukuru wakidhani kitu kimetoka au kimemezwa. Baada ya siku au wiki kadhaa huanza homa, kukohoa na kukoroma kwa upande mmoja wa kifua. Mtoto hutibiwa nimonia au pumu, hupata nafuu, kisha huugua tena.

Picha ya eksirei haitatui tatizo hili kila mara, kwa sababu plastiki nyingi hazionekani katika picha hiyo. Picha inayoonekana ya kawaida haithibitishi kwamba kifua hakina kitu. Uchunguzi wa uhakika ni bronkoskopia, yaani kuingiza kifaa maalumu katika njia ya hewa mtoto akiwa amelazwa kwa nusu kaputi. Huduma hiyo hupatikana katika hospitali chache kubwa za rufaa, na familia nyingi hulazimika kusafiri ili kuifikia. Hiyo ndiyo gharama ya kipande cha plastiki kilichonunuliwa kwa bei ndogo.

Vitu vya kuondoa kwanza

Puto. Watu wengi huliona puto kuwa pambo lisilo na madhara. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995, uliochunguza vifo vya watoto vilivyosababishwa na kukabwa na bidhaa mbalimbali za matumizi, ulionyesha kwamba asilimia 29 ya vifo hivyo vilitokana na maputo. Sababu yake ni umbo. Kipande cha mpira laini hujikunja na kufuata umbo la koo la mtoto, kikaziba pande zote bila kuacha upenyo wa hewa. Maputo yasiyopulizwa na vipande vya yaliyopasuka ndivyo hatari zaidi, na sheria ya Marekani ya mwaka 1994 hutaka pakiti za maputo zitahadharishe kuhusu watoto wote wa chini ya miaka 8. Hivyo puto lisiwekwe kabisa katika kifuko, na yale ya mapambo yakipasuka vipande vyake viokotwe papo hapo.

Betri ndogo bapa, zile ambazo wengi huziita betri za saa. Hupatikana katika pete na bangili zinazowaka taa, kadi zinazoimba na mishumaa isiyo ya moto. Ile yenye kipenyo cha milimita 20 ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa hukwama kwenye umio wa mtoto mdogo. Inapogusa utando wenye unyevu hupitisha umeme, na kwenye ncha yake hasi huzalishwa kemikali ya alkali inayounguza nyama. Jeraha kubwa laweza kutokea ndani ya saa 2, na uharibifu huweza kuendelea hata baada ya betri kutolewa, ukatoboa umio hadi kwenye njia ya hewa au mshipa mkubwa wa damu. Dalili zake hufanana na za maradhi ya kawaida: kutokwa mate, kukataa chakula, kutapika na kikohozi.

Sumaku. Sumaku moja ikimezwa huweza kupita. Zikimezwa mbili au zaidi huvutana kutoka sehemu tofauti za utumbo, zikaibana nyama iliyo kati yake mpaka ikafa na utumbo kutoboka. Shanga za maji nazo, zile punje za rangi zinazovimba zikitiwa majini, huendelea kuvimba zikimezwa na huweza kuziba utumbo.

Vyakula vigumu na vya mviringo. Karanga, korosho, bisi, pipi ngumu na ubuyu havifai kwa mtoto wa chini ya miaka 4. Ubuyu unahitaji kutajwa peke yake kwa sababu tumeuzoea: sukari na rangi vikiisha kumung'unywa, kinachobaki mdomoni ni mbegu ngumu na telezi. Kuwa kitu ni cha asili na cha kwetu hakukifanyi kuwa salama kwa kila umri.

Vifuniko vya kalamu na filimbi. Kifuniko cha kalamu kilichotengenezwa kwa kufuata viwango vya kimataifa huwa na tundu kwenye ncha yake ili hewa ipite kidogo endapo kitavutwa kooni. Kalamu nyingi za bei ya chini hazina tundu hilo. Filimbi ndogo za plastiki nazo huwa na vipande vinavyochomoka, na mtoto anayepuliza huvuta pumzi kwa nguvu kabla ya kupuliza.

Madhara yasiyoonekana siku ya sherehe

Yako madhara mengine yanayokuja polepole. Plastiki laini aina ya PVC mara nyingi hulainishwa kwa kemikali ziitwazo fthaleti, ambazo baadhi yake huingilia kazi ya homoni. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 0.1 ya uzito kwa baadhi ya kemikali hizo katika vitu vya kuchezea watoto. Rangi na mapambo ya chuma ya bei rahisi huweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Kidude kisicho na jina la mtengenezaji wala alama ya ubora hakiwezi kuthibitishwa kwa kukitazama.

Mwisho kabisa, vitu hivi huwa taka baada ya siku moja au mbili. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilikwisha kufanya hivyo tarehe 28 Agosti 2017. Sheria hizo ziligusa mfuko. Hazikugusa vidude vinavyotiwa ndani yake. Vikichomwa uani, moshi wa PVC hutoa kemikali zenye sumu ambazo wa kwanza kuzivuta ni watoto wanaocheza karibu. Vikitupwa mtaroni, huchangia kuziba maji. Vyombo vidogo vya plastiki vinavyotuamisha maji ya mvua ni mazalia ya mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Kipimo rahisi cha nyumbani

Wakaguzi wa vitu vya kuchezea nchini Marekani hutumia silinda maalumu yenye kipenyo cha milimita 31.7, iliyobuniwa kuwakilisha koo la mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kitu kikiingia chote ndani ya silinda hiyo bila kusukumwa, hakiruhusiwi kwa umri huo. Kwa mipira, kipimo ni kikubwa zaidi: kipenyo cha milimita 44.4, kwa kuwa kitu cha duara huziba koo kwa urahisi.

Silinda hiyo haiko nyumbani kwetu, lakini bomba la karatasi linalobaki katikati ya roli ya karatasi za chooni linafaa, na upana wake, unaokaribia sentimita 4, huongeza tahadhari kidogo. Kitu chochote kinachopenya katika bomba hilo kisimfikie mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kwa kukadiria kwa macho tu ukiwa dukani, kumbuka kizibo cha chuma cha chupa ya soda: upana wake wa takriban sentimita 3 unakaribiana na silinda ya wakaguzi. Kisha kivute na kukikunja kitu chenyewe. Macho ya mwanasesere, magurudumu ya gari na kengele za bangili zikichomoka, ni sehemu hizo zinazopaswa kupimwa.

Nini kiwekwe badala yake?

Kanuni inayofuata hapo ni nyepesi: kitu kimoja badala ya vinane, kikubwa kuliko bomba la karatasi, chenye matumizi ya zaidi ya siku moja. Fedha iliyokuwa inunue vidude vingi hutosha mara nyingi kununua au kutengeneza kitu kimoja kizuri. Ifuatayo ni mifano inayowezekana katika mazingira yetu.

Kitabu kimoja. Kijitabu chembamba cha hadithi za Kiswahili chatosha kuchukua nafasi ya kifuko kizima. Vitabu hivyo vipo: Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa mwaka 1991 kwa ajili ya kazi hiyo, na wachapishaji wa Dar es Salaam kama Mkuki na Nyota na E&D Vision hutoa vitabu vya watoto. Kwa walio chini ya miaka miwili tafuta chenye kurasa ngumu. Mwaka 2014 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kiliwashauri wazazi wawasomee watoto kwa sauti tangu uchanga, kwa kuwa kusoma hujenga lugha na uhusiano kati ya mzazi na mtoto. Ukinunua vitabu vyenye majina tofauti, watoto wataweza kuazimana.

Mpira au mwanasesere wa kitambaa. Mafundi cherehani huwa na vipande vya vitenge na kanga vinavyobaki. Mpe fundi kazi ya kushona mipira yenye ukubwa wa chungwa, iliyojazwa sufi au vipande vya nguo na kushonwa mara mbili ili isifumuke. Mpira huo hauvunji dirisha, haudundi kuelekea barabarani, na hufaa kwa mchezo wa rede. Kwa mwanasesere, macho na mdomo vitariziwe kwa uzi. Visiwe vifungo wala shanga.

Mmea ulioota. Kifuu cha nazi kilichotobolewa chini, udongo kidogo na mche mmoja wa mchicha au mnyanya ni zawadi ambayo mtoto ataitazama kila asubuhi. Mchicha huweza kuchumwa baada ya wiki 3 hadi 4, na mtoto aliyeumwagilia mwenyewe huenda akaula bila kubembelezwa. Mpe mmea uliokwisha kuota, si mbegu. Punje kavu ya haragwe au mahindi hutiwa puani na masikioni, kisha huvimba kwa unyevu.

Kalamu nene za nta na karatasi. Kalamu nene, zisizopenya katika bomba la karatasi, pamoja na daftari la kurasa tupu, huwafaa watoto kuanzia miaka mitatu. Chaki nene za kuchorea sakafuni nazo ni nzuri. Nunua zenye jina la mtengenezaji na maelezo kwamba hazina sumu.

Kitu alichokitengeneza mtoto mwenyewe. Badala ya kununua zawadi, tenga nusu saa ya sherehe kwa kazi ya mikono. Watoto wachore kwenye vifuko vya kitambaa cheupe, wapambe kofia za karatasi, au wasuke vikuku vipana vya ukindu wakisaidiwa na bibi anayeujua usukaji. Kila mmoja ataondoka na kazi yake. Zawadi hii ina faida ya pekee: watoto hushughulishwa wakati wa sherehe, na hakuna anayelalamika kwamba cha mwenzake ni kizuri kuliko chake.

Kinyago cha mnyama. Wachongaji, kama wale wa Mwenge, wanaweza kuagizwa wanyama wadogo wa mti usiopakwa rangi, waliopigwa msasa vizuri, wenye ukubwa wa kiganja cha mtu mzima na wasio na pembe au mikia inayovunjika.

Kishada. Kwa watoto wa miaka sita na kuendelea, kishada cha karatasi na vijiti vya makuti ni zawadi ya thamani. Kirushwe uwanjani mbali na nyaya za umeme, mtu mzima akiwapo. Hakifai kwa wadogo, kwa sababu kamba ndefu huweza kuwanyonga.

Chakula laini. Kama ni lazima mtoto aondoke na kitu cha kula, kipande cha mkate wa kumimina, andazi dogo au ndizi mbivu vifungwe katika karatasi safi. Kashata, hasa ya karanga, wapewe wakubwa tu. Ni vyema pia kuwauliza wazazi mapema kama yupo mtoto mwenye mzio.

Zawadi ya pamoja. Pale sherehe inapofanyika shuleni, familia inaweza kununua vitabu vitano kwa ajili ya rafu ya darasa, au mche wa mwembe wa kupandwa uwanjani, badala ya vifuko 25. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Watoto wa darasa zima watanufaika, na hakuna kidude kitakachoingia katika nyumba yenye mtoto anayetambaa.

Kuhusu kifuko chenyewe, tumia karatasi au kitambaa. Kifuko cha kitambaa kisiwe na kamba ndefu ya shingoni. Mapambo ya ukumbi nayo yaweza kuwa vibendera vya vipande vya vitenge vilivyotungwa kwenye uzi na kufungwa juu, ambavyo hukunjwa na kutumika tena mwaka unaofuata.

Kwa mzazi anayepokea na kwa walimu

Mzazi ambaye mtoto wake amerudi na kifuko asione haya kukikagua. Kifunguliwe mezani, si sakafuni, na kabla ya wadogo kukifikia. Pima kila kitu kwa bomba la karatasi. Vinavyopenya viwekwe juu au vitupwe. Vyenye betri vichunguzwe kama kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Maputo yaondolewe yote. Mtoto mkubwa aelezwe sababu. Watoto wa miaka mitano huelewa vizuri wakiambiwa kwamba wanamlinda mdogo wao.

Walimu wa shule za awali wana uwezo mkubwa zaidi. Mwongozo mmoja unaopelekwa kwa wazazi mwanzoni mwa mwaka, ukisema kwamba sherehe za darasani hazitakuwa na vifuko vya vidude wala karanga, humwondolea kila mzazi mzigo wa kuwa wa kwanza kubadili desturi. Wazazi wengi hufuata desturi hii kwa sababu tu mwenzao wa mwezi uliopita aliifuata. Naye mwenye sherehe ya nyumbani anaweza kuandika katika kadi ya mwaliko: "Kila mtoto ataondoka na kitabu kimoja. Tafadhali tujulisheni umri wa mwanenu na wa mdogo wake."

Mtoto akikwamwa na kitu

Pamoja na tahadhari zote, kila mwenye sherehe ya watoto anapaswa kujua la kufanya. Mtoto anayekohoa kwa nguvu na kulia aachwe aendelee kukohoa huku akiangaliwa. Asiyeweza kutoa sauti, kukohoa wala kupumua anahitaji msaada mara moja.

Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, umpige mapigo 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Ikishindikana, mgeuze chali na umkandamize kifuani mara 5. Rudia kwa kupokezana. Usimkandamize tumboni.

Kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja, mwinamishe mbele na umpige mapigo 5 mgongoni. Ikishindikana, simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili, umkandamize mara 5 kwa kuvuta ndani na juu. Rudia kwa kupokezana mpaka kitu kitoke. Usiingize kidole kooni ikiwa hukioni kitu, kwani waweza kukisukuma chini zaidi. Akipoteza fahamu, mlaze chini, anza kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi, huku mwingine akiita msaada.

Mtoto anayeshukiwa kumeza betri apelekwe hospitali bila kuchelewa na bila kutapishwa. Wataalamu wa sumu wanashauri kwamba akiwa amezidi miezi 12, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12 tangu ameze, apewe vijiko 2 vidogo vya asali kila baada ya dakika 10, visizidi mara 6, mkiwa njiani. Asali hupunguza makali ya kuungua. Haichukui nafasi ya kuitoa betri. Aliye chini ya mwaka mmoja wa umri asipewe asali kabisa, kwa hatari ya ugonjwa wa botulizimu.

Na mtoto aliyekabwa akatulia, hata kama anacheza, apelekwe kwa daktari. Mzazi aseme waziwazi: "Alikuwa na kitu mdomoni, akakohoa ghafla." Sentensi hiyo mara nyingi humsaidia daktari kuliko picha. Kama kitu kingine cha aina hiyohiyo kimebaki katika kifuko, kibebeni mwende nacho.